Mkono Chini ya Shali

Walisema hatamaliza dakika tano. Waliosema ni wanaume wa kibanda cha chai kinachotazamana na ukumbi wangu wa mazoezi, na walisema kwa sauti ili awasikie akipita. Mmoja alisema mzee mwenye tumbo lile akiinama hatainuka mpaka avutwe kwa kamba, kama ngamia aliyekwama kwenye tope. Mwingine alisema atakuja mara moja tu, aangalie, anywe maji ya bure, arudi kwake. Yeye alisimama, akaegemea bakora yake, akawauliza, "Nyinyi mmeruka lini mara ya mwisho?" Akaingia ndani.

Mimi pia walikuwa wameshanisema. Nilirudi Garissa baada ya miaka sita katika hoteli moja ya Ghuba, ambako nilikuwa nikiwafundisha matajiri kutoka jasho. Nina diploma ya mazoezi ya mwili, na karo yake niliilipa mwenyewe kwa kubeba magunia ya saruji. Sikusukumwa na mjomba wala mheshimiwa. Nilikodi ghala lililokuwa la ngozi, nikalisugua kwa mikono yangu siku tisa mpaka harufu ikaondoka, nikatundika diploma ukutani. Watu wakasema: nani katika mji huu wa joto atalipa ili achoke? Leo nina madarasa mawili ya wanaume, na la wanawake linaloongozwa na dada yangu. Sisemi zaidi. Ukumbi upo, anayetaka akauone.

Lakini nakiri kwamba kama si yule mzee, ningefunga mlango kabla ya miezi miwili kwisha. Alipoingia yeye, wazee wenye ndevu za hina walijua kwamba kuruka si aibu tena, wakamfuata.

Tulimwita Dalali, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya katika soko la mifugo tangu nikiwa mtoto. Ninayemwandika hapa ni yule niliyemjua mimi, kati ya matairi yangu na ngamia wake.

Siku ya kwanza aliitazama diploma kwa muda mrefu.

"Warya, kijana, hii karatasi ni ya nani?"

"Yangu, adeer," nilimjibu, nikimwita ami kwa heshima.

"Inaruka?"

"Hairuki."

"Basi shuka wewe, uruke, nione."

Nikashuka chini, nikapiga pushapu, nikasimama, nikaruka, mara ishirini bila kupumzika. Alinizunguka kama anavyozunguka mnyama, akanitazama magoti na shingo. Kisha akawaambia waliokuwapo, "Huyu mzima. Meno sijaangalia, lakini mzima." Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa katika mji wangu tangu nirudi, na sijapata nyingine niliyoipenda zaidi.

Darasa letu lilikuwa mara tatu kwa wiki, baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma mabati. Sekunde arobaini za kazi, ishirini za kuvuta pumzi, halafu tena. Tulikuwa na matairi ya lori ya kuruka, kamba, na mitungi ya lita ishirini niliyoijaza mchanga wa mto Tana. Nikipiga filimbi unaanza, nikipiga tena unaacha. Tulikuwa na kanuni moja niliyoitunga mwenyewe: hesabu ya mtu haiachwi. Kama umepewa kumi ukaishiwa pumzi kwenye sita, mwenzako yeyote mwenye nguvu anakumalizia nne, na wewe umekopa nne kwake. Hatuandiki. Kila mtu anakumbuka deni lake.

Dalali aliipenda kanuni hiyo kuliko sisi wote. Alisema darasa lisilo na mkopo ni watu tu wanaorukaruka.

Mavazi yake yalikuwa kesi. Alikuja na macawis, ile shuka ya kiunoni, shati la mikono mirefu, shali begani na kandambili za ngozi. Nilimwambia anunue suruali ya mazoezi na viatu vya kufunga. Suruali aliinunua, akaivaa chini ya macawis. Viatu alikataa kata. Alisema mguu wake umetembea kutoka Lafey mpaka hapa nyuma ya mifugo bila kufungwa, utafungwaje leo na kijana wa filimbi? Nikacheka, nikamwachia. Wakati huo niliona ni jambo dogo.

Hakupenda kutembea kabisa. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka ukumbini, lakini alikuja kwa tuktuk kila mara, akamwambia dereva amsubiri, akaingia ndani kukimbia mahali pamoja, kisha akatoka akapanda tuktuk kurudi. Nilimuuliza kwa nini asikimbie kuelekea nyumbani, tumalize kazi mbili kwa moja.

"Mtu akiniona nakimbia njiani," alisema, "atauliza nani amekufa. Hapa ndani kila mtu anakimbia, hakuna anayeuliza."

Alikuwa mgonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amemwambia mwili wake usipofanya kazi, sukari itamla taratibu, kuanzia miguuni. Hakuja kwangu kwa kupenda michezo. Alikuja kwa sababu rafiki yake mmoja alikatwa mguu mpaka gotini, na dalali asiyeweza kusimama sokoni si dalali tena. Aliniambia hivyo mara moja tu, huku akitazama pembeni. "Mimi naogopa kitu moja, mwalimu. Kukaa kwa kiti, watu wakininunulia chai kwa huruma."

Chai yenyewe aliipenda yenye maziwa ya ngamia na sukari ya vijiko vitatu. Baada ya kuanza mazoezi alipunguza mpaka kimoja, na kila siku alinitangazia kama mtu aliyetoa sadaka kubwa. Siku moja nilimkamata kibandani na kikombe ambacho kijiko kingeweza kusimama ndani yake. "Hii si yangu," alisema, akameza funda. "Namshikia mtu."

Na macho yake! Nilikuwa nimenunua mizani ya kielektroniki, ya bei, inayoonyesha mpaka gramu. Dalali aliidharau. Mtu mpya akiingia, alimtazama mara moja na kusema uzito wake kabla hajapanda. Alimtazama Muuguzi, kijana wa Kitui anayefanya kazi hospitalini na ndiye niliyempa nafasi ya mbele darasani, akasema, "Sabini na nne." Mizani ikasema sabini na tatu na nusu. "Amekojoa sasa hivi," alisema Dalali, na darasa zima likashindwa kuanza kwa kucheka.

Sasa niseme juu ya shali.

Katika soko la mifugo, bei ya ngamia haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, wanafunika kwa shali au ncha ya shuka, na vidole vinazungumza humo ndani. Ukishika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, kiganja chote ni tano, na kadhalika, kila mtu anajua kama ni maelfu au makumi ya maelfu kwa kumtazama mnyama. Waliosimama kando hawajui kitu. Wanaona nyuso mbili zinazotazama mbali kana kwamba zinangoja mvua. Mnapokubaliana, shali inaondolewa, na hapo hakuna kurudi nyuma. Wapo waliofilisika kwa bei iliyofungwa chini ya shali, na hawakuivunja.

Dalali aliileta biashara hiyo darasani kwangu. Kabla ya kila raundi alinijia, akanishika mkono, akatupa shali juu. Mimi nilitaka skwati ishirini, za kuchuchumaa na kuinuka. Yeye alishika kidole kimoja na viwili: kumi na mbili. Nilikataa, nikashika vyangu. Alitikisa kichwa, akaniita mnyonyaji, akaita jina la Mungu, na tukafika kumi na tano au kumi na sita. Wengine hawakujua ameagizwa ngapi, na heshima yake ikabaki nzima. Lakini alichokubali alikifanya. Hata akiwa anatweta kama injini ya lori kuukuu, hakupunguza hata moja.

Nami, nisijifiche, nilijivunia sana kwamba nilikuwa nimejua kumbana. Nilijua dalali anaanza na bei ya chini kila mara. Nilijua ukilegea mara moja atakula kichwa chako. Niliwaambia hata watu wa kibandani: yule mzee amewashinda wanunuzi wa nchi nzima, lakini kwangu analipa bei kamili.

Jumamosi moja tulikuwa na raundi ya kuruka juu ya tairi. Nilimtaka aruke mara kumi. Akaja, akanishika mkono, shali ikashuka. Akashika vidole viwili.

Nilicheka moyoni. Mbili! Hajawahi kuanza chini hivyo. Nikabana kiganja chake mara mbili: kumi. Akashika viwili tena. Hakuniita mnyonyaji, hakuita Mungu, hakutikisa kichwa. Alitazama mlangoni tu. Nikabana kumi. Darasa lilikuwa likisubiri filimbi. Mwishowe vidole vyake vililegea, shali ikaondoka, na akaenda kwenye tairi lake, la pili kutoka mlangoni, akaruka mara kumi. Nilihesabu kwa sauti. Nilimpigia makofi.

Jumatatu hakuja. Jumatano hakuja. Wanaume wa kibandani walifurahi sana. "Si tulisema? Mwalimu, mzee wako ameisha petroli."

Alhamisi nikaenda sokoni mwenyewe. Nilijitia kwamba naenda kumtania, lakini moyoni niliogopa kumpoteza, maana akitoka yeye wazee wote wangetoka nyuma yake. Nilimkuta katikati ya vumbi na kelele, akiwa na ngamia jike mweupe na mnunuzi mmoja wa kutoka Bute. Muuzaji alikuwa amesimama pembeni, uso umemwiva kwa hasira, kwa sababu Dalali alikuwa anaharibu biashara yake.

"Usimnunue huyu kwa bei hiyo," Dalali alikuwa akimwambia mnunuzi. "Muone vile anasimama. Hii mguu ya nyuma haibebi kitu. Anaiweka chini, lakini uzito yote iko upande ile ingine. Mnyama haiwezi kusema, lakini inasimama. Inua wayo."

Mnunuzi akainua wayo wa ngamia. Palikuwa na mwiba mkubwa ndani, na usaha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake katika mji wote. Hakuwahi kuuza mnyama na kasoro yake ikiwa imefichwa. Alishapoteza ujira mara nyingi kwa sababu ya mdomo huo. Alikuwa akisema, "Mimi nauza mnyama, siuzi siri."

Nilikuwa nikitabasamu kwa fahari kwamba mtu wa namna hiyo ni mwanafunzi wangu, na ndipo nikamtazama yeye mwenyewe jinsi alivyosimama. Mguu wa kulia uko chini. Bakora iko kulia. Mwili wote uko kushoto.

Nilimwendea.

"Adeer, niinulie mguu."

"Mguu gani?"

"Huo unaouwekea bakora."

"Wacha, mwalimu. Watu wanaangalia."

"Watu wameangalia wa ngamia. Inua."

Alinitazama kwa macho makali ambayo sikuwahi kuyaona. Kisha, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshapiga goti vumbini na sikuwa tayari kuinuka, akakaa juu ya jiwe la kufungia mifugo, akavua kandambili. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, cheusi pembezoni. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye shali.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema," alinijibu. "Nilikupa bei yangu ya kweli. Mbili. Wewe ukafikiri nafanya biashara."

Nimefanya mitihani migumu maishani, na nimepita yote. Katika chuo changu kulikuwa na somo la wagonjwa wa sukari: angalia miguu yao kabla ya kila zoezi, kwa sababu mishipa yao imekufa ganzi na hawasikii jeraha. Somo hilo nilipata alama ya juu kuliko darasa zima. Karatasi yenyewe ilikuwa ukutani pangu, mita tatu kutoka kwenye tairi aliloliruka mara kumi.

Nilimbeba. Sisemi nilimsaidia kutembea, nilimbeba mgongoni kupita katikati ya soko mpaka kwenye tuktuk yake, naye akanipiga bega na bakora njia nzima akisema, "Nishushe, warya, nishushe, mimi si mbuzi ya Iddi!" Watu walicheka. Afadhali walicheka.

Muuguzi alitupokea hospitalini. Daktari alisafisha, akakata nyama iliyooza, akasema hawezi kuahidi. Kama sumu imefika kwenye mfupa, kidole kitaondoka, na baada ya kidole mambo huwa hayaishii hapo. Tusubiri wiki mbili. Nilikaa nje kwenye benchi na mke wake, mama mtulivu ambaye alikuwa akihesabu tasbihi bila kunitazama. Nilimwambia kosa lote, tangu vidole viwili mpaka makofi niliyompigia. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimeishi na yeye miaka thelathini na nane. Hata mimi hajawahi kuniambia bei ya kwanza ikawa ya kweli." Kisha akarudi kwenye tasbihi.

Zilikuwa wiki mbili ndefu. Kila asubuhi ya darasa tairi la pili kutoka mlangoni lilibaki bila mtu. Siku ya kwanza nilitaka kuliondoa, maana lilikuwa linaniuma kuliangalia. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa simu ambaye huwa hasemi, akasema, "Mwalimu, kanuni ni yako. Hesabu ya mtu haiachwi." Akasogea hapo na kufanya skwati kumi za Dalali. Siku ya darasa iliyofuata akafanya mwingine. Waligombea, wallahi. Muuguzi alipokwenda nyumbani kwa mzee kubadilisha bendeji alimpa taarifa: leo zimefanywa na fulani, juzi na fulani. Dalali alilala na mguu juu ya mto, akifunga kila jina kichwani, bila kalamu, kama anavyofunga ngamia mia kwa alama zao.

Siku ya kumi na nne, hospitalini, daktari alifungua bendeji. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alibonyeza, akanusa, akabonyeza tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai, "Kidole kinabaki. Nyama mpya inaota."

Sikumbuki niliitikia nini. Nakumbuka nilikaa chini sakafuni, mimi mwenye diploma. Dalali akaniangalia kutoka kitandani. "Huyu kilo themanini na moja," akamwambia daktari. "Lakini leo hawezi kusimama. Mpe maji."

Ilichukua miezi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya kufunga, vyeupe, vikubwa kama mitumbwi, na chini ya macawis vilichekesha mno. Kabla ya kila darasa nilimkalisha, nikamvua, nikaangalia kila kidole kimoja kimoja, na tangu hapo nawafanyia hivyo wagonjwa wote wa sukari, hata wakubwa wa ofisi. Wanaona haya mara ya kwanza. Nawaambia, aliyewatangulia alikuwa mkubwa kuliko ninyi.

Akaanza kulipa. Hakuruka, daktari alikataa, lakini skwati za taratibu aliruhusiwa. Kila asubuhi alifanya hesabu yake, kisha akamwendea mtu mmoja na kusema, "Wewe, ile siku ya upepo mwingi, kumi," na kuzitoa mbele yake, tano leo, tano siku nyingine. Hakukosea jina wala idadi. Wengine walimwambia, "Adeer, nimesamehe." Alikasirika kweli. Alisema msamaha ni wa mtu aliyeshindwa.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye ilikuwa Jumatano moja. Alikuwa anaondoka kwenda Bute kukaa na binti yake, na alisema hapandi gari na deni mwilini. Bado alidaiwa na watu wawili. Fundi wa simu alilipwa kumi zake, wa pili akalipwa tano zilizobaki, na darasa likapiga makelele mpaka wanaume wa kibandani wakaja kuchungulia mlangoni na vikombe mikononi. Dalali alifuta uso kwa shali, akawatazama. "Sijamaliza dakika tano bado?" akawauliza. Mmoja wao aliinua kikombe chake, akacheka, akasema, "Umemaliza, mzee. Umemaliza sisi."

Nikafikiri imekwisha. Nikainua filimbi.

"Ngoja," alisema. "Kuna mmoja bado. Si mimi nadaiwa."

Akanijia, akanishika mkono, akatupa shali juu, kama zamani. Vidole vyake vikashika vyangu. Viwili. Vikakaa kidogo. Kisha akabana kiganja mara mbili: kumi. Nikaelewa kabla hajamaliza. Alikuwa ametaka mbili, nikachukua kumi. Nane nilizichukua ambazo hazikuwa zangu.

Nilibana kidole chake mara nane. Nilikubali.

Akaondoa shali mbele ya wote. Nikaenda kwenye tairi la pili kutoka mlangoni. Nimewahi kuruka mia mbele ya matajiri wa Ghuba bila kutoa jasho, lakini siku hiyo kila kuruka kulikuwa kuzito. Yeye alikaa kwenye ubao, viatu vyake vyeupe vikiwa vimelingana sakafuni, uzito sawa pande zote mbili, akaanza kuzihesabu zile nane polepole kwa Kisomali, lugha ya nyumbani, ili nisiharakishe.

"Kow. Laba. Saddex. Afar. Shan. Lix. Toddoba."

Akanyamaza hapo, akaniacha nisimame juu ya tairi nikihema. Akatazama miguu yangu, kwanza mmoja, halafu mwingine.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, adeer."

"Basi, siddeed."